Andika Jina la Ukuta

Ukuta ulijengwa Zeituni Mahmoud akiwa kwao Ekero, kwenye harusi ya binamu yake. Aliondoka afisini Ijumaa akaacha ukumbi mmoja mpana ambamo watu wote wa kompyuta walikaa pamoja. Aliporudi, hina ikiwa bado imekolea mikononi, alikuta ukumbi umekatwa vyumba viwili kwa mbao za plaiwudi zilizopakwa rangi nyeupe. Kila chumba kilikuwa na mlango wake, na milango yote miwili ilitazama korido inayoelekea kwa meneja. Harufu ya rangi ilikuwa bado mbichi.

Afisi hiyo ilikuwa ya ushirika wa maziwa mjini Kakamega, na Zeituni ndiye aliyekuwa msanifu mkuu wa mifumo yake ya kompyuta. Shangazi zake walipomuuliza hiyo ni kazi gani, aliwaambia hivi: fundi wa nyumba huamua mlango ukae wapi na dirisha likae wapi, yeye huamua habari ipite wapi ndani ya kompyuta, nani aione kwanza, na ikikwama nani ajue. Shangazi waliitikia kwa vichwa, kisha wakamuuliza ataolewa lini.

Meneja, Mathew Shikanga, alikuwa na miezi michache tu pale. Hakuwa mtu mbaya. Bodi ilimleta alete utaratibu, naye aliamini utaratibu kama wengine wanavyoamini dawa.

“Karibu, Madam Zeituni,” alimwambia asubuhi hiyo, akipigapiga ukuta kwa kiganja kama mtu anayesifu ng'ombe wake. “Umeona tumejipanga?”

“Nimeona tumejigawa, bwana meneja.”

“Watu walikuwa wanaongea sana. Mtu wa maabara anageuza kiti, anamwambia Simiyu badilisha hiki, na Simiyu anabadilisha. Nani ameidhinisha? Hakuna! Sasa maabara ni idara, ukusanyaji ni idara. Idara ikitaka kitu kwa idara nyingine, ombi linakuja kwangu kwanza.”

“Mfumo huishia kufanana na watu walioujenga,” Zeituni alisema. “Watu wakinuniana, nao unanuna.”

Mathew alicheka. “Kompyuta hainuni, madam.”

Zeituni hakucheka. Alikuwa na sababu yake. Alipokuwa mtoto, baba yake, mzee Mahmoud aliyekuwa fundi wa kushona, aligombana na ndugu yake waliyeishi naye nyumba moja. Pazia likatundikwa katikati ya sebule. Wazee hawakusemezana karibu mwaka mzima, na Zeituni ndiye aliyetumwa kupitia chini ya pazia. “Kamwambie ami yako chumvi imeisha.” Akifika upande wa pili anaambiwa, “Kamwambie baba yako chumvi alimaliza yeye.” Alijifunza kulainisha maneno, kisha kuyapunguza, na mwishowe kuyameza kabisa. Siku moja alimeza ujumbe kwamba nyanya yao wa Matungu anaumwa, kwa kuwa ulikuwa umefungashwa ndani ya matusi naye hakujua kuutenganisha. Nyanya alipona, alhamdulillahi. Lakini tangu siku hiyo Zeituni hakupenda pazia lolote linalotundikwa kati ya watu wanaokula chungu kimoja.

Aliandika pingamizi. Akaenda kulisema mwenyewe. Akarudi tena kulisema. Meneja alimsikiliza, akamshukuru, na ukuta ukabaki.

Upande wa kushoto alikaa Simiyu na wenzake, wenye programu ya ukusanyaji. Upande wa kulia alikaa Immaculate na wenzake, wenye programu ya maabara. Mambo yalikwenda hivi: alfajiri wafugaji wanaleta maziwa kituoni, yanapimwa kwa mashine ndogo, matokeo yanaingia kwenye programu ya Immaculate, ambayo inayapitisha kwa programu ya Simiyu, na hiyo ndiyo inayomwambia karani kwenye simu yake: pokea, au kataa. Zamani Simiyu na Immaculate walikaa wakipeana migongo, hata walikula njugu kutoka mfuko mmoja. Baada ya ukuta walianza kusalimiana kama wageni wanaokutana kwa daktari.

Msimu wa mvua ndefu ulipoanza, siku moja asubuhi Zeituni alikuwa hajaweka hata mkoba chini simu ilipolia. Alikuwa Winrose, karani wa kituo kimoja kule Shinyalu.

“Madam, hii simu imeingiwa na nini? Inaniambia kataa, kataa, kataa. Maziwa ya kila mtu!”

“Umeyaonja?”

“Nimeonja, nimenusa. Mazuri kabisa. Na kuna mama mmoja maziwa yake yananuka hadi nzi wanakimbia, eti hayo simu inasema pokea.”

Zeituni aliweka mkoba chini. Sheria ya ushirika ilisema maziwa yaliyokataliwa yamwagwe papo hapo, yasije yakauzwa kwingine. “Winrose, umemwaga ya mtu?”

“Nilimwaga ya wale wa kwanza. Mama Dinah alimwaga yake mwenyewe, hakutaka nimshikie mkebe. Saa hii nimekataa. Wanifute wakitaka, simwagi tena.”

“Usimwage. Wakikuuliza, sema ni mimi nimekukataza.”

Alikata simu, akafungua mlango wa kushoto akamwita Simiyu, akafungua wa kulia akamwita Immaculate, akawasimamisha wote wawili kwenye korido.

“Immaculate, maziwa safi unamtumia Simiyu namba gani?”

“Sifuri.”

Simiyu aligeuka kama aliyechomwa sindano. “Sifuri? Sifuri ni mabovu! Moja ndiyo safi. Imekuwanga hivyo siku zote.”

“Ilikuwanga,” Immaculate alisema, sauti yake ikififia. “Mashine mpya inahesabu kasoro. Sifuri maana yake haikuona kasoro. Moja, imeona moja.” Akaweka mkono mdomoni. “Nilituma ombi mwambiwe kabla hatujaanza kuitumia. Nililituma kwa meneja. Nikajua mmepata.”

“Hatukupata kitu.”

Hapakuwa na fumbo. Ombi lilikuwa limelala kwa meneja pamoja na mengine mengi yakisubiri kuidhinishwa, na mashine mpya zikaanza kazi kabla halijafikiwa. Kabla ya ukuta, Immaculate angegeuza kiti tu, aseme, “We Simiyu, sifuri imegeuka,” na mambo yangeishia hapo. Walirekebisha wakiwa wamesimama palepale, tarakilishi ya Simiyu ikiwa juu ya ndoo ya mfagizi, na kabla chai ya asubuhi haijaletwa simu ya Winrose ilikuwa imerudi akilini.

Lakini maziwa yaliyokwenda mtaroni hayarudi, na wafugaji walikuwa wamekwisha kupiga simu kwa wajumbe wa bodi. Jioni meneja alimwita Zeituni.

“Bodi inataka jina,” alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. Siku nzima alikuwa akitukanwa kwa simu. “Ama Immaculate aliyegeuza namba, ama Simiyu ambaye hakuhakikisha. Wewe ni msanifu, chagua.”

“Andika jina la ukuta.”

“Madam, leo si siku ya utani.”

“Sikutanii. Immaculate alifuata sheria yako. Simiyu alifuata sheria yako. Wote wawili walifanya kazi yao vizuri, na maziwa yakamwagika. Ukimfuta mmoja wao, kesho utamwajiri mwingine, akae palepale nyuma ya ukuta uleule, afanye kosa lilelile.”

“Ukisema ukuta, unasema mimi.”

“Ningetaka kusema wewe, ningesema wewe. Hiyo kazi ya kutafuta mtu wa kuchinja ndiyo ninayoikataa. Ninakataa hata akiwa ni wewe.”

Mathew aligonga meza kwa kidole. “Nipe jina kabla ya wiki kuisha, ama niandike lako.”

“Andika. Zeituni ni kwa Z. Usikosee herufi.”

Akatoka, akaufunga mlango polepole.

Kesho yake alifika mapema kuliko wote. Akaingia chumba cha kushoto alikopangiwa kukaa, akaondoa vikombe na nyaya juu ya meza yake, akaishika pembe na kuivuta. Miguu ya chuma ilikwaruza sakafu kwa mlio uliomtoa bawabu mbio kutoka getini. Aliivuta hadi nje ya mlango, akaigeuza, akaiegemeza ukutani kwenye korido katikati ya ile milango miwili. Akakaa, akafungua tarakilishi, akaanza kazi.

Meneja alipofika alisimama mbele yake. “Hii ni nini?”

“Meza yangu.”

“Korido ni njia. Moto ukizuka watu watatokea wapi?”

Sellah, mwanamke wa chai, alikuwa akija na kitoroli chake kilichojaa birika na mandazi. Zeituni alimwonyesha kitoroli kwa kidevu. Kitoroli kikapita, gurudumu halikugusa hata mguu wa meza. “Asubuhi njema, meneja,” Sellah akasema, akaendelea kusukuma, mabega yake yakicheka.

“Rudisha meza ndani, Madam.”

“Hapana, bwana meneja.”

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayekataa sukari kwenye chai, na pengine hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Mathew alimwita fundi wa umeme achomoe waya uliotoka chumba cha maabara kuja kwenye meza ile. Zeituni alifanya kazi kwa betri hadi ilipokufa, kisha akaendelea kuchora kwa kalamu. Mchana Immaculate, ambaye kwa desturi hakuinua sauti hata kumwita paka, alitoka chumbani mbele ya macho ya wote, akaurudisha waya kwenye soketi, akaingia ndani. Haukuchomolewa tena.

Baridi ya pale haikuwa mchezo. Upepo uliingia kwa mlango wa nyuma ukamfikia kiunoni, naye akaanza kuja na shuka la baba yake ajifunike magoti. Watu walipita mwanzoni wakitazama miguu yao. Kisha wakaanza kusimama. Kijana mmoja wa maabara alimletea swali: “Madam, niulizie Simiyu kama anaweza kupokea matokeo kwa mkupuo.”

“Mimi sibebi ujumbe,” Zeituni alimwambia. “Hiyo kazi niliiacha nikiwa mtoto. Muite aje.”

“Lakini sheria...”

“Sheria inasema idara zisitumiane maombi bila meneja. Haisemi watu wasikutane mezani kwangu. Muite.”

Simiyu akaja. Akasimama upande mmoja wa meza, kijana upande mwingine, na wakamaliza neno lao kabla chai ya Zeituni haijapoa. Kuanzia hapo haikupita siku bila watu kusimama pale.

Lakini lilikuwapo jambo moja ambalo meza haikuweza kulifikia. Jumamosi Zeituni alipanda bodaboda hadi Shinyalu, akashuka kwenye njia ya mguu inayokatiza mashamba ya chai, akabisha kwa Dinah, yule mama aliyemwaga maziwa yake mwenyewe. Alimkuta jikoni akisonga obusuma, ugali wa kwao.

“Mulembe, mama.”

“Mulembe. Keti.” Dinah alisikiliza jina lake na kazi yake bila kuacha kusonga. Zeituni alipoanza kuomba msamaha, mwiko ulisimama.

“Ngoja kwanza,” Dinah alisema. “Unajua maziwa yakikataliwa watu husema nini hapa? Husema ameweka maji. Miaka yote nimeleta maziwa, hakuna siku mtu alisema Dinah ameweka maji. Siku hiyo majirani wote wakaniangalia. Nikiwaambia ni kompyuta wananicheka, eti kompyuta ina kisasi gani na wewe?”

“Maziwa yako yalikuwa safi, mama. Kosa ni letu.”

“Sasa unaniambia hapa jikoni, mimi na wewe na kuku?” Akamwonyesha kwa mwiko kule kituo kilikokuwa. “Aibu mlinipatia kule. Msamaha ulete kulekule.”

Zeituni alikula obusuma aliyopewa, akashukuru, akaondoka.

Jumatatu alfajiri alikuwa kituoni kabla ya mikebe kufika. Ukungu ulikuwa bado umelala upande wa msitu. Wafugaji walipojaa, wa baiskeli, wa pikipiki, wa kichwani, alipanda kwenye kizingiti cha chumba cha kupozea maziwa. Hakuwa mtu wa kuhutubia.

“Mimi ni Zeituni. Programu inayosema maziwa yapokewe au yakataliwe nimeisanifu mimi na wenzangu. Asubuhi ile mliyomwaga maziwa, hayakuwa na maji wala uchafu. Ya Mama Dinah yalikuwa safi. Ya wote waliokataliwa yalikuwa safi. Tuliokosea ni sisi wa afisini, kwa sababu tulikuwa hatuongei. Mkisikia mtu anamwita mwenzake mwizi wa maji kwa sababu ya siku ile, mwambieni ni mwongo.”

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja alitema mate pembeni akasema, “Afadhali mmesema.” Wengine wakaanza kuulizana kwa Kiisukha, sauti zikipanda. Dinah, aliyekuwa akipita kwenda sokoni, alikuwa amesimama nyuma kabisa na mkebe wake. Aliinamisha kichwa mara moja kuonyesha amesikia, kisha akajitwika mkebe akaenda zake sokoni kwa mwenye hoteli aliyekuwa akimuuzia siku hizi. Hakurudi ushirikani siku hiyo, wala baadaye.

Habari zilifika Kakamega kabla ya Zeituni mwenyewe. Safari hii meneja hakumwita. Siku chache baadaye Zeituni aliitwa na bodi yenyewe.

Mwenyekiti alikuwa Bi Chepkemoi, mfugaji kutoka pande za Lugari, mwanamke wa maneno machache na miwani mizito. Wajumbe walikaa kumzunguka, Mathew pembeni, shingo imesimama, karatasi yenye jina la Zeituni mbele yake.

“Nani alikuruhusu kusema kwa niaba ya ushirika?” Bi Chepkemoi aliuliza.

“Hakuna.”

“Unajua umetuweka wazi tushtakiwe na kila mtu?”

“Najua maziwa yalikuwa safi, mwenyekiti. Hilo lilikuwa kweli kabla sijalisema.”

“Na meza?”

“Meza iko koridoni.”

Mjumbe mmoja alikohoa kuficha kicheko. Bi Chepkemoi hakutabasamu. “Tunataka mambo mawili. Uombe bodi msamaha, na urudishe meza ndani. Ukifanya hivyo tunafunga hii habari.”

Zeituni alifikiria baba yake, ambaye sasa hakuona vizuri hata kutunga uzi kwenye sindano, na nyumba ya Ekero iliyomtegemea yeye. Alifikiria kwamba kazi kama yake haiokotwi barabarani Kakamega.

“Msamaha nimeshauomba,” alisema. “Kwa wenye maziwa. Nyinyi sikuwakosea. Meza nitairudisha siku watu wangu watakaporuhusiwa kuongea.”

Walimtoa nje. Wajumbe wenyewe walikuwa wafugaji, na kupitia mlango alisikia wakigombana kama sokoni. Mmoja alisema adabu imekwisha afisini. Mwingine akasema majirani zake waliokuwa wamehama ushirika wameanza kurudi tangu msichana aliposimama pale kizingitini, na yeye hawezi kwenda nyumbani kuwaambia amefutwa. Walipomwita tena, Bi Chepkemoi alisoma uamuzi bila kumtazama. Zeituni avuliwe cheo cha msanifu mkuu. Simiyu na Immaculate wasiguswe. Ukuta ubaki, kwani meneja ameujenga kwa idhini ya bodi, lakini mambo yanayohusu upimaji wa maziwa yasipite tena kwa meneja. Idara mbili ziyamalize zenyewe.

“Una la kusema?”

“Cheo ni chenu,” alisema Zeituni. “Kazi bado ninayo?”

“Bado unayo.”

“Basi naenda, nimeiacha mezani.”

Jioni alimpigia baba yake. Mzee alisikiliza yote, kisha akauliza, “Wamekushusha?”

“Wamenishusha, Baba.”

“Ukawaomba?”

“Sikuwaomba.”

“Haya. Njoo Ijumaa, mama yako ametenga jogoo.” Na kabla ya kukata akaongeza, kana kwamba ni jambo la hali ya hewa, “Ningekuwa na ulimi wako siku zile, ami yako nisingemnunia mwaka mzima.”

Wiki zilizofuata watatu wao, Zeituni, Simiyu na Immaculate, waliibomoa programu na kuijenga upya hapo koridoni. Zeituni ndiye aliyeshikilia neno moja hadi wenzake wakamchoka: mashine isipewe ruhusa ya kumwaga maziwa ya mtu. Ikiona kitu isichokielewa, au ikikataa watu wengi kwa mpigo, isimame, imwite binadamu. Na karani aliye kituoni, mwenye pua na ulimi, awe na uwezo wa kusema hapana, na hapana yake ishinde.

“Meneja hatakubali,” Simiyu alisema.

“Mambo ya upimaji hayapiti kwake,” alisema Immaculate, na wote wawili wakamgeukia kwa mshangao.

Ilianza kutumika mwishoni mwa mvua. Siku chache tu baadaye simu ya Winrose ilimwambia kataa, naye akayaonja maziwa, akabonyeza hapana, akayapokea. Maabara kuu iliyapima tena mchana. Yalikuwa safi, mashine ya kituoni ilikuwa imeingia maji ya mvua. Lakini meneja aliiona ile hapana kwenye kompyuta yake kabla ya majibu ya mchana kufika. Alitoka afisini kwa hatua za haraka, akaja moja kwa moja hadi koridoni.

“Nani,” aliuliza, “nani amempa karani wa Shinyalu mamlaka ya kupinga mfumo mzima?”

Simiyu aliinamisha kichwa. Immaculate aliacha kuandika.

“Mimi,” alisema Zeituni. Hakuinuka. Alinyoosha mguu, akakisukuma kiti kilichokuwa mbele ya meza hadi kikamfikia meneja magotini. “Keti, nikuonyeshe.”